HABARI ZA MJI WA PANGANI

Mji wa Pangani umekaa mahali mto wa jina lile lile uingiapo baharini, kusini ya Tanga. Maji yake yatoka mbali, penye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Zamani misafara ya pembe na watumwa ilishukia hapa kutoka bara. Tena kando ya mto Waarabu walipanda miwa, na kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa.

Desturi moja ya mji yafaa kuelezwa, maana pasipo hiyo vita vyake havifahamiki. Katika Pangani ya kale heshima haikupatikana kwa mali peke yake, ila kwa karamu. Wakubwa walishindana kwa ngoma na vyakula. Watu waliotoka bara, hata watumwa, walitamani sana kuingia katika sikukuu hizo, kwa kuwa aliyekula na kucheza pamoja na wenyeji alijiona naye mtu wa mji. Wenye mji hawakupenda.

Basi, mwezi wa Agosti 1888, Kampuni ya Wadachi ikaja kushika ushuru wa pwani kwa mapatano na Sultani wa Unguja. Mkuu wake Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Nazo zilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Wadachi wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa pamoja nao, wakimtafuta liwali. Sisi tujuao altare inavyoheshimiwa hatuna haja ya kufasiriwa uchungu ule. Mwezi wa Septemba watu wakawazuia Wadachi nyumbani mwao, hata Jenerali Mathews, mkuu wa askari wa Sultani, akaja kuwatoa.

Kiongozi wa vita akawa Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Yeye ndiye aliyemkamata Hans Meyer, asimwachilie ila kwa fidia. Na mwaka uliofuata Meyer huyo akafika kileleni mwa Kilimanjaro. Mwezi wa Julai 1889 Wissmann akautwaa mji, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani.

Watoto shuleni huniuliza, “Mwalimu, Abushiri alikuwa mwema au mwovu?” Sijapata jibu la neno moja. Alipigana na wageni, ni kweli. Naye alikuwa bwana wa watumwa. Na katika waliomfuata, wengi walikuwa watu wale wale waliozuiwa karamuni, wenye haja zao wenyewe.

Mwaka 1893 Dr. Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyopona, ikapandwa Kikokwe, karibu na mji.

Mgeni afikaye leo ataona Boma na nyumba za kale zenye milango ya kuchongwa. Siku ya Idi na asimame penye kivuko, awatazame watu wa Bweni wakivuka kwa nguo zao mpya.