Mfanyi Biashara Aliyesomea Bagamoyo

Msomaji, bila shaka umepata kumsikia mtu akisema, "Lau ningekuwa na mtaji, ningefungua duka." Nami huyasikia maneno hayo darasani kila mwaka, na msemaji hudhani kuwa penye fedha hapakosi faida. Hebu tuyapime kwa maisha ya mtu mmoja aliyefika katika nchi zetu hali hana mali.

Mtu huyo ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, katika Bara Hindi, mwaka 1851, naye alivuka bahari mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 tu. Akawa msaidizi wa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyewapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi.

Hapo Bagamoyo nataka tutue kidogo. Msafara ulikuwa kama duka lendalo kwa miguu. Kila mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, na kufika Tabora tu kulitaka miezi miwili au mitatu. Mizigoni mlikuwa na merikani, kaniki, waya za shaba na ushanga. Wala usidhani kwamba ushanga wowote ulifaa! Rangi iliyopendwa nchi hii ilikataliwa nchi ile, na mapendezi yenyewe hubadilika. Aliyekosea rangi alibaki na mizigo isiyouzika, huku wapagazi wakidai posho yao. Tena bidhaa nyingi zilikopwa kwa matajiri wa Unguja, zikalipwa pembe za ndovu ziliporudi kutoka bara. Kwa hiyo ilimpasa mwenye msafara ajue nani wa kuaminiwa na mali, mahali ambapo hawezi kumfuata mdeni wake. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni. Visram aliipata kwa kufunga mizigo, kuhesabu na kungoja, miaka na miaka.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Visram akaishika biashara. Wakati ule reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikipanda kwenda bara. Reli ilikuja kuiua kazi ya misafara, yaani kazi ile ile aliyoijua yeye. Lakini alijua kuwa mnunuzi ni yule yule, ila mzigo umepata njia nyingine. Akafungua maduka kando ya reli, na katika Uganda pia, hata kabla gari la moshi halijafika Kisumu mwezi Desemba, 1901. Kule Uganda, ambako watu walikuwa wangali wakitumia kauri kama fedha, alinunua pembe na ngozi. Na kilimo cha pamba kilipoenea baada ya 1903, akaweka mitambo ya kuichambua.

Makarani wake walikuwa vijana aliowaleta kutoka kwao. Aliwaweka katika matawi ya mbali, akawapa bidhaa kwa mkopo, na baadhi yao wakatoka wakafungua maduka yao wenyewe. Mimi sikupata mwalimu wa namna hiyo. Zamani tulichanga fedha, walimu watano, tukafungua duka. Mtaji ulitosha kabisa, ila hapakuwa na hata mmoja aliyejua kumnyima rafiki mkopo. Lilifungwa kabla ya mwaka kwisha.

Visram alifariki mwaka 1916. Aliacha majumba, maduka na mitambo, mali ambayo kijana yeyote wa darasani kwangu angeiona ni mtaji wa kutosha vizazi vitatu. Lakini biashara ile haikudumu miaka mingi baada yake. Ni kweli vita vya 1914 hadi 1918 viliutikisa uchumi wote. Walakini, kwa maoni yangu, jambo kubwa ni kwamba kumjua mdeni mwema na mbaya, kutoka pwani hata Uganda, kulikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Majumba yaliweza kurithiwa. Leo ukifika Mombasa utaliona jina lake juu ya shule iliyofunguliwa mwaka 1923. Duka lake hutaliona.