Vumbi la Rangi ya Zamani: Namna ya Kukarabati Nyumba Bila Kudhuru Familia

Watu wengi hununua au hurithi nyumba ya zamani, kisha huikarabati wenyewe chumba baada ya chumba huku familia ikiendelea kuishi humo. Ni njia nzuri ya kubana matumizi. Wengi hujihadhari na ngazi na misumari, lakini husahau vumbi. Kujikinga nalo hakuhitaji pesa nyingi: maji, sabuni, nailoni na subira vinafanya kazi kubwa.

Kwa nini vumbi hili ni hatari?

Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za milango, madirisha na mageti, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Rangi hiyo ikikwanguliwa au kupigwa msasa mkavu, hutoa vumbi laini linalotua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye matandiko. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hutia mkono mdomoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Madini haya huathiri ubongo unaokua, na mtoto anaweza kupata shida ya kujifunza na kutulia. Kwa mjamzito, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Huwezi kuitambua risasi kwa macho wala kwa harufu. Kama hujui rangi ni ya lini, ichukulie kuwa inayo.

Kabla ya kuanza

- Kama rangi bado imeshika vizuri, usiikwangue. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke, kisha paka mpya juu yake. Ile inayong'aa ikwaruze kidogo kwa msasa wa maji.
- Watoto na wajawazito wakae kwa ndugu au jirani mpaka usafi ukamilike.
- Toa vyombo vyote, tandika nailoni nzito sakafuni na funga mlango wa chumba.
- Zima umeme kwenye meni swichi kabla ya kulowesha ukuta.

Wakati wa kazi

- Lowesha rangi kwa chupa ya kupulizia na uikwangue ikiwa na unyevu.
- Usitumie grainda, wala usiunguze rangi kwa moto.
- Vaa barakoa ya N95. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini.
- Usile, usinywe wala usivute sigara ndani ya chumba hicho.

Baada ya kazi

- Kunja nailoni kwa ndani na funga mabaki kwenye mfuko imara.
- Usifagie. Piga deki kwa maji ya sabuni na ubadilishe maji mara kwa mara.
- Oga na badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
- Mbao zenye rangi ya zamani usizifanye kuni. Moshi na majivu yake hubeba risasi.

Unaponunua rangi mpya, chagua isiyo na risasi. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa kila milioni.

Paa la asbesto

Asbesto ni mapaa mazito ya kijivu yenye mawimbi, yaliyowekwa kwenye nyumba na shule nyingi za zamani. Yakikatwa, yakitobolewa au yakivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana. Nyuzi hizo husababisha makovu na saratani ya mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi.

Kazi hii usiifanye mwenyewe. Paa likiwa zima, liache bila kulisugua. Likiwa limepasuka, muulize afisa afya wa eneo lako, au mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya. Vipande vilivyovunjika visijengee banda la kuku.

Nenda kituo cha afya lini?

Mara nyingi risasi haioneshi dalili mapema. Mpeleke mtoto akiwa na maumivu ya tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, uchovu au hasira zisizo za kawaida. Akipata degedege au akizimia, mkimbize hospitali mara moja. Hata asipokuwa na dalili, mpeleke kama alikuwa ndani wakati wa kukwangua, na mweleze mhudumu kwamba nyumba ilikuwa inakarabatiwa. Asipolijua hilo, anaweza kutibu minyoo au malaria huku chanzo kikibaki nyumbani. Kipimo chake ni cha damu, na unaweza kupewa rufaa ya hospitali kubwa.

Wakati huo mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu: dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa. Mtoto aliyeshiba vizuri hufyonza risasi kwa kiasi kidogo kuliko mwenye njaa.