Shida za Mfanyakazi na Siri Yake
Somo la historia kwa vikundi vya kusikiliza redio

Leo somo letu lahusu jambo ambalo kila afanyaye kazi ya mshahara analijua, ingawa pengine hajapata kulisoma kitabuni. Mfanyakazi akiingia kiwandani asubuhi hutundika koti lake msumarini, lakini shida zake hawezi kuzitundika. Mtoto mgonjwa, deni la dukani, ugomvi wa nyumbani, pombe, msiba: hayo yote huingia naye hadi penye mashine. Akili ikiwa mbali, mkono hukosea, na penye mashine mkono ukikosea damu humwagika.

Siku hizi kampuni nyingi duniani zina mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wenye shida za namna hiyo. Mpango huo ulianza wapi? Na kwa nini mahali pengine wafanyakazi waliupenda, na mahali pengine waliuogopa? Hayo ndiyo tutakayoyatazama leo.

Msaada wa hisani

Na tuanze Uingereza, katika mji wa York. Hapo palikuwa na kiwanda cha chokoleti cha ukoo wa Rowntree, na wasichana wengi walifanya kazi humo. Mwaka 1896 kiwanda kilimwajiri mwanamke aliyeitwa Mary Wood. Hakuajiriwa kutengeneza chokoleti. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia wasichana wale, kuwatembelea walipougua, na kusikiliza taabu zao. Mwaka 1913 watu wenye kazi kama hiyo walikutana mjini York wakaunda chama chao.

Msaada huo ulikuwa mwema, lakini ulitegemea moyo wa mwenye kiwanda. Tajiri akiwa na huruma, watu walisaidiwa. Akiwa hana, hawakuwa na pa kwenda.

Dola tano na wakaguzi

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, katika kiwanda cha magari cha Henry Ford karibu na mji wa Detroit. Kazi ya hapo ilichosha sana, na watu waliiacha ovyo. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili tu kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Basi Januari 1914 Ford alitangaza jambo lililoshangaza watu wengi: mfanyakazi aweza kupata dola 5 kwa siku ya saa 8. Huo ulikuwa karibu mara mbili ya mshahara wa kawaida.

Lakini fedha hizo zilikuwa na masharti. Nusu yake hivi ilihesabiwa kuwa sehemu ya faida, na ili aipate, ilimpasa mfanyakazi aishi kama kampuni ilivyotaka. Kampuni iliweka idara maalum yenye wakaguzi. Wakaguzi hao walikwenda majumbani. Walitazama kama nyumba ni safi, kama mtu anaweka akiba, kama analewa, kama anatunza mke na watoto wake, na kama amepangisha watu wengi nyumbani mwake. Aliyeonekana hafai alinyimwa sehemu ile mpaka ajirekebishe. Asiporekebika, alifukuzwa.

Tusiseme kwamba hapakuwa na faida. Watu wengi walipata nyumba bora, na wahamiaji walifundishwa Kiingereza katika shule ya kampuni. Lakini tazameni, ndugu zangu: mtu yule yule aliyekuja kuuliza habari za shida zako ndiye aliyeandika taarifa iliyokupa au kukunyima fedha. Nani atamwambia mtu huyo kwamba nyumbani mwake mna ugomvi? Mwenye shida ataifagia nyumba, atatabasamu, na shida ataificha. Ilipofika mwaka 1921, idara hiyo ilikuwa imekwisha nguvu.

Kusikiliza bila kuhukumu

Karibu na mji wa Chicago palikuwa na kiwanda kikubwa cha vyombo vya simu, kilichoitwa Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric. Kati ya mwaka 1928 na 1930 wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa humo. Wenye kuhoji waligundua kwamba mtu akiachwa aseme mwenyewe, huanza na habari za taa au mashine, kisha polepole hufika kwenye habari za nyumbani.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1936 kiwanda kiliweka washauri. Hao hawakuwa wanyapara. Hawakuwa na uwezo wa kumpandisha mtu cheo wala kumfukuza. Walizunguka kiwandani, wakasikiliza, na waliyoyasikia hawakuyapeleka kwa wakubwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo kata ilikuwa mshauri.

Hata hivyo mpango huo nao ulilaumiwa. Ikiwa mfanyakazi alilalamika kwamba mshahara hautoshi, mshauri alimsikiliza vizuri, lakini mshahara haukuongezeka. Wengine walisema kwamba kusikiliza huko kulikuwa njia ya kuwapoza watu moyo tu. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1956.

Pombe, tangu fedheha hata ugonjwa

Shida iliyoleta mipango ya leo hasa ni pombe. Zamani mlevi alifichwa na wenzake, na siku alipogunduliwa alifukuzwa. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Bill Wilson na daktari Robert Smith walikutana. Wote wawili walikuwa wameteswa na pombe. Waliona kwamba mlevi mmoja aweza kumsaidia mwenzake kuacha. Toka kwao chama cha Alcoholics Anonymous kilianza, yaani chama cha walevi wasiotajwa majina. Jina hilo lenyewe lafundisha: mtu huja kwa sababu anajua hatatajwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafundi walikuwa adimu. Kumfukuza fundi mwenye ujuzi wa miaka mingi kulikuwa hasara. Hivyo katika miaka ya 1940 kampuni kama DuPont na Eastman Kodak zilianza kuwasaidia wafanyakazi walevi wapone badala ya kuwafukuza. Mwaka 1956 chama cha madaktari wa Marekani kilitangaza kwamba ulevi wa kupindukia wapasa kutibiwa kama ugonjwa.

Kisha sheria ikaja. Harold Hughes wa jimbo la Iowa alikuwa dereva wa lori, tena alikuwa mlevi aliyeacha pombe. Alichaguliwa kuwa gavana, kisha seneta, na hakuficha habari za maisha yake. Alipigania sheria ya kuwatibu walevi, nayo ilitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 1970. Sheria hiyo ilitaka pia idara za serikali kuu ziwe na mipango ya kuwasaidia watumishi wao. Mwaka wa pili yake, 1971, wenye kazi hiyo waliunda chama, na katika jina lake walitaja wafanyakazi na wasimamizi kwa pamoja.

Wakati huo huo watu waliona kwamba pombe si shida ya peke yake. Mwaka 1970 kampuni ya shaba ya Kennecott, jimbo la Utah, ilianza mpango wa kusaidia shida ya namna yo yote: ya ndoa, ya deni, ya watoto. Jamaa za mfanyakazi nao waliweza kusaidiwa. Mipango mingi ilifuata njia hiyo.

Mpango wa leo wafanyaje kazi?

Mfanyakazi mwenye shida hupiga simu, au huenda mwenyewe kwa mshauri. Mara nyingi mshauri huyo si mtu wa kampuni, bali wa shirika jingine lililolipwa na kampuni. Mfanyakazi halipi kitu. Huonana na mshauri mara chache, na shida ikiwa kubwa hupelekwa kwa daktari, kwa mwanasheria, au kwa mtu ajuaye mambo ya madeni. Maandishi ya mshauri hayawekwi katika faili la kazi. Mwajiri huambiwa hesabu tu: watu wangapi walikuja, si nani wala kwa nini. Siri huweza kuvunjwa kwa sababu nzito tu, kama maisha ya mtu yakiwa hatarini.

Mnyapara naye ana mpaka wake. Hafai kumwambia mtu, “Wewe mlevi.” Yeye si daktari. Yampasa aseme anayoyajua: “Mwezi huu umekosa kazi siku nne, na mara tatu umechelewa. Kazi yako imeshuka. Yuko mshauri, ukitaka, nenda kaonane naye.” Hivyo mnyapara hubaki katika mambo ya kazi, na mambo ya nyumbani hubaki ya mwenyewe.

Fundisho hili limefika kwetu pia. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea, watu wengi waliogopa kupima kwa kuogopa kupoteza kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yatupasa tuulize ni nani aliyemfanya afiche. Mwaka 2001 Shirika la Kazi Duniani lilitoa kanuni kuhusu UKIMWI mahali pa kazi. Kanuni hizo zilisema mtu asifukuzwe kwa ajili ya virusi, na habari zake ziwe siri. Mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya UKIMWI iliyowataka waajiri wawe na mpango mahali pa kazi.

Mwisho wa somo

Basi, ndugu wasikilizaji, tumeona nini? Wakaguzi wa Ford walikuwa na fedha nyingi za kutoa, lakini watu waliwaficha shida zao. Chama kilichoanzia Akron hakikuwa na fedha, lakini watu walikieleza yote. Tofauti ilikuwa siri. Anayesaidia asiwe ndiye anayehukumu mshahara.

Tena tusisahau lawama ya Hawthorne. Ikiwa mtu ana mashaka kwa sababu mshahara ni mdogo mno, au msimamizi anamtukana kila siku, ushauri peke yake hautamponya. Dawa ya hayo iko katika mazungumzo ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Mshauri ni wa shida za mtu. Chama ni cha shida za wote. Vyote viwili vyahitajiwa, na kimoja kisichukue mahali pa kingine.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini wafanyakazi wa Ford waliwaogopa wakaguzi, ingawa mshahara ulikuwa mkubwa?
2. Mnyapara akiona kazi ya mtu imeshuka, aseme nini, na asiseme nini?
3. Mahali unapofanya kazi, mtu mwenye shida huenda kwa nani? Je, siri yake hutunzwa?
4. Taja shida moja ambayo mshauri aweza kuisaidia, na moja ambayo ni ya chama cha wafanyakazi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.