Uchoraji wa Ramani Handeni na Korogwe: Kutoka Meza ya Wino hadi Kompyuta Ndogo

Ramani za ardhi ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zimechorwa kwa zaidi ya karne moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo zimechorwa mbali na watu wanaoishi katika ardhi hiyo. Mpima alikuja, akachukua vipimo, akaondoka navyo. Mchoro ukakamilishwa Tanga, Dar es Salaam, Berlin au Uingereza. Sababu kuu ilikuwa vyombo vya kazi. Meza, mitambo na kompyuta za kuchorea zilikuwa kubwa, ghali na chache, kwa hiyo vipimo ndivyo vilivyosafiri kuvifuata. Historia ya kazi hii ni historia ya vyombo hivyo kupungua ukubwa.

Ramani za kwanza za kisasa zilitoka mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya katani, na 62 iliyosalimika safarini ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba makubwa yakaifuata bondeni. Shamba la mzungu lilipimwa kwa sababu lilipaswa kuandikishwa, kuuzwa na kukopewa fedha. Nyika ya Handeni, makao ya Wazigua, haikupewa uangalifu huo. Iliingia katika ramani kuu ya koloni, iliyoandaliwa Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel kwa kipimo cha 1:300,000. Katika kipimo hicho sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi, hivyo kijiji kizima pamoja na mashamba yake kilitosha ndani ya ukucha.

Enzi ya Waingereza ilikuwa na utaratibu wa upimaji uliodumu, kwa misingi yake, hadi miaka mingi baada ya Uhuru. Uwandani mpima alitumia theodolaiti kusoma pembe, na mnyororo wa futi 66, yaani mita 20 na ushee, kupima umbali. Vibarua walifyeka mstari wa kuonea porini, na kila kona ikawekewa jiwe la mpaka. Ofisini vipimo viligeuzwa kuwa majira ya nukta kwa vitabu vya logi na mashine za hesabu za kuzungusha kwa mkono. Kisha mchoraji aliziweka nukta mezani na kuziunganisha kwa wino mweusi juu ya karatasi angavu. Mstari uliokosewa ulikwanguliwa taratibu kwa wembe, karatasi ikasuguliwa hadi ilainike, ndipo wino ukapita tena. Ramani iliyokwisha kuchorwa ilipelekwa kukaguliwa na kuidhinishwa. Kosa likionekana huko, jalada lilirudi lilikotoka.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara maalumu ya upimaji wa makoloni. Ndege zilipiga picha kutoka angani, na wataalamu walioketi Uingereza wakazitazama mbilimbili kwa mitambo iliyowawezesha kuona vilima na mabonde kana kwamba wamesimama juu yake. Kazi hiyo ilizaa mfululizo wa ramani za 1:50,000 za Tanganyika, baadaye Tanzania. Kwa mara ya kwanza vijito, njia za miguu na maboma ya Handeni vilionekana kwa mpangilio wa kuaminika. Hata hivyo zilikuwa ramani za sura ya nchi. Shamba la nani linaishia wapi, hazikusema. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu na kuunda vijiji vingi ambavyo mipaka yake ilijulikana kwa miti, mito na kumbukumbu za wazee.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imeanza kuingia katika uchoraji kwingineko. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, huko Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mashine iliyoiendesha, TX-2, ilihitaji chumba kizima. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha, kwa kazi za hesabu za serikali. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali, baada ya uzoefu wa gharama kubwa na tija ndogo. Masharti hayo yalilegea polepole kuelekea miaka ya 1990.

Kizuizi hicho kilikuwapo katika kipindi ambacho uchoraji ulibadilika sana duniani. Kuanzia mwaka 1981 kampuni kama Apollo, na baadaye Sun na Silicon Graphics, zilitengeneza kompyuta za wabunifu: mashine ya mtu mmoja, yenye kioo kikubwa na uwezo wa kuchora maumbo kwa haraka. Mwaka huohuo IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na mwishoni mwa 1982 ikatoka AutoCAD, iliyoleta uchoraji wa kihandisi kwenye mashine hizo za bei nafuu. Unafuu huo ulikuwa na mipaka. Mchoro wa kompyuta ni orodha ya namba, na kila mchoraji anaposogeza au kukuza picha, namba zote hukokotolewa upya. Ndiyo maana matoleo ya baadaye ya AutoCAD yalidai chipu ya pili ya hesabu, na kazi za maumbo ya pande tatu zikabaki kwa mashine za bei ya maelfu ya dola.

Nchini, Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kisha Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Wahitimu wa kipindi hicho walijifunza kalamu ya wino na kompyuta kwa pamoja.

Sheria ndiyo iliyofanya kasi ya kuchora iwe suala la vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitoa nafasi kwa mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wananchi, ulioanza mwaka 2004, uliichagua Handeni kuwa miongoni mwa wilaya za majaribio ya kurasimisha mashamba. Ugumu ulikuwa katika wingi. Kata moja ya vijijini, kama Mazingara, ina mamia kwa mamia ya vipande vya ardhi, na kuvipima vyote kwa theodolaiti na kuvichora kwa mkono kungechukua miaka. Vipokezi vya GPS vilisaidia, hasa baada ya Marekani kuacha kuyapotosha mawimbi yake kwa makusudi Mei 2000. Kuanzia hapo nukta zilipatikana upesi kuliko ofisi zilivyoweza kuzichora.

Suluhisho la upande wa ofisi lilitokana na mambo matatu. Chipu za michoro, zilizokuzwa na soko la michezo ya video, zilifanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja kwa umeme mdogo zaidi. Diski zisizo na sehemu inayozunguka zilichukua nafasi ndogo na kustahimili mtikisiko wa barabara mbovu. Vipoza joto vyembamba vya kompyuta za kubeba navyo vikahamishiwa kwenye mashine za mezani. Mwaka 2016 Hewlett-Packard ilitangaza Z2 Mini, kompyuta ya wabunifu yenye unene wa sentimita sita hivi. Mwaka 2022 Apple ilitoa Mac Studio, yenye upana wa sentimita 19.7 na kimo cha sentimita 9.5, ambamo chipu ya hesabu na ya michoro hutumia memori moja.

Umuhimu wa nguvu hiyo huonekana zaidi katika picha za droni. Mradi wa kupima Zanzibar kwa droni, ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi, ulionyesha Afrika Mashariki kwamba kisiwa kizima kinaweza kupigwa picha na vijana wa hapohapo. Kamera ya pikseli milioni 20, ikirushwa kwa kimo kinachoifanya kila pikseli ione sentimita tano za ardhi, hupata kwa picha moja eneo la mita 274 kwa 182. Lakini picha lazima zipandiane, kwa kawaida asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, ili kompyuta itambue kichuguu kilekile au pembe ileile ya bati katika picha kadhaa. Baada ya kupandiana huko, kila picha huongeza hekta 0.3 tu. Hekta mia moja huhitaji picha zaidi ya 330, na kijiji cha kilomita za mraba 50 huhitaji zaidi ya 16,000. Kompyuta hulinganisha picha hizo, hukokotoa kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, hujenga sura ya ardhi kwa mamilioni ya nukta, na mwisho hutoa ramani-picha moja iliyonyooka. Mashine yenye memori ndogo hukwama katikati ya hatua hizi. Yenye nguvu humaliza sehemu ya kijiji kwa usiku mmoja.

Udogo una faida nyingine uwandani. Kompyuta ya aina hiyo huingia katika mkoba, hutumia umeme kidogo kuliko sanduku la zamani, na huweza kuendeshwa kwa jenereta ndogo. Hasara zake ni joto na vumbi: matundu yake membamba huziba upesi, na chipu ikipata moto hupunguza mwendo yenyewe.

Mahitaji ya ramani yameongezeka pamoja na uwezo huo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Handeni na Korogwe, na kila kipande cha ardhi kilichoguswa kilipaswa kupimwa kwa ajili ya fidia. Kuanzia Juni 2022 kaya kutoka Ngorongoro zilihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba na viwanja vilivyopangwa kabla hazijafika.

Katika utaratibu huu hatua moja haikupungua. Mpaka hukubaliwa kwa miguu: jirani na jirani huutembea mbele ya viongozi wa kijiji, na wasipoelewana shauri huenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kompyuta huanza kazi baada ya hapo. Inapokuwa kijijini, ramani-picha hutandikwa mbele ya wenye mashamba siku ambazo bado wako pamoja, na mstari uliokosewa husahihishwa papo hapo. Kusahihisha namna hiyo hakukuwezekana wakati mchoro ulipokuwa ukimalizikia Dar es Salaam na kosa kugundulika baada ya jalada kuzunguka kwa miezi.