Mshauri Aliyeketi Nyuma ya Darasa

Kenya ilianza kufungua vituo vya ushauri wa walimu katika miaka ya 1970. Mkufunzi wa kituo alitakiwa kuzuru walimu wa shule za jirani kama mwenzao, si kama mkaguzi. Wazo lilikuwa zuri. Nauli ndiyo iliyokuwa kikwazo, na wengi wakaishia kumezwa na kazi za ofisi.

Mwaka 2015 Tusome, mradi wa kufundisha kusoma, ulienea nchi nzima, baada ya mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR. Wakufunzi wa vituo, ambao sasa waliitwa maafisa, walipewa vishikwambi, na fidia ya safari ikategemea ziara walizofanya kweli.

Ziara yenyewe ilikuwa hivi. Afisa aliketi nyuma ya darasa na kufuatilia somo: je, wote wanasoma, au wa mbele tu? Somo lilipokwisha, wanafunzi watatu waliochaguliwa kwa bahati nasibu walimsomea. Kisha yeye na mwalimu walijadili la kurekebisha, somo likiwa bado bichi akilini. Mazungumzo hayo mafupi yana uzito zaidi kuliko semina nyingi za hotelini.

Vitabu navyo vilichangia. Tusome iligawa kimoja kwa kila mtoto, na ushauri kuhusu kusoma hauna maana watoto wanne wanapogombania ukurasa mmoja.