Pemba na Unguja: Masafa ya Nusu Saa



Mjukuu wangu, mzaliwa wa Maskati, aliniuliza majuzi: "Babu, Pemba na Unguja ni mbali?" Nikamjibu kikarani. Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja, ambao sisi tuliujua kwa jina la Kisauni na leo unaitwa Abeid Amani Karume, hadi uwanja wa Pemba ulio nje ya mji wa Chake Chake, masafa ya angani ni kiasi cha kilomita 125. Ndege ndogo huyakata kwa takriban nusu saa. Yeye akaridhika, mimi nikabaki na la kusema.

Wazee wetu hawakuyahesabu masafa hayo kwa maili, bali kwa pepo. Jahazi lililotweka Wete kuelekea Unguja wakati wa kaskazi lilisukumwa na upepo wa nyuma. Wakati wa kusi lilipiga bisha, au nahodha alingoja bandarini hadi upepo ulegee. Bahari ni ile ile, lakini safari ya siku moja iliweza kuwa ya siku kadhaa.

Na njia hiyo ilibeba riziki. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Pemba, ilhali soko na bandari kuu vilikuwa Unguja. Ndiyo sababu familia nyingi zilikuwa na shamba Pemba na jamaa Mji Mkongwe. Babu yangu alivuka kila msimu, na kila alipovuka alizuru jamaa wa pande zote mbili.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wetu tukatawanyika. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, wengi walipokewa Oman, nami nikafuata nikiwa kijana. Shangazi yangu, aliyenilea, alibaki Wete.

Sasa niungame. Kutoka Maskati hadi Unguja ni kiasi cha kilomita 3,900, saa tano na ushei angani. Kisha nusu saa hadi Pemba. Kwa wepesi huo nilijiambia kila mwaka, "Mwakani." Ikapita miaka kumi na moja. Habari ya msiba iliponifikia, nilipanda ndege ya kwanza niliyoipata. Nilifika Unguja magharibi, na ndege za Pemba za siku ile zilikuwa zimekwisha kuondoka. Maiti hacheleweshwi. Nililala Unguja, nusu saa kutoka kwake, naye akazikwa usiku ule. Asubuhi nilikuta udongo wa kaburi ungali mbichi.

Babu yangu, aliyengoja upepo, hakukosa msimu hata mmoja. Mimi niliyekuwa na ndege nilikosa miaka kumi na moja. Aliyebakiwa na mzee huko, na apige hesabu hiyo mapema kuliko mimi.

Mjukuu aliniuliza tutakwenda lini. Sikumwambia mwakani. Tikiti zimekwisha kukatwa. Inshallah tutaondoka kaskazi hii.