Makaryevo: Monasteri, Gulio na Mto Volga

Kwenye ukingo wa kushoto wa mto Volga nchini Urusi, yapata kilomita 90 kutoka Nizhny Novgorod kwa kufuata mkondo, yapo makazi madogo ya Makaryevo, ambayo yalizaliwa na monasteri, yaani makao ya watawa wa Kanisa la Kiorthodoksi, iliyoanzishwa na mtawa Makary mwaka 1435. Mwaka 1439 jeshi la Khan Ulugh Muhammad liliiteketeza. Makary alitekwa, akaachiliwa, kisha akaanzisha monasteri nyingine kando ya mto Unzha, alikofariki mwaka 1444. Magofu aliyoyaacha yalifufuliwa na mtawa Avraamy mnamo 1620.

Kilichoyakuza makazi hayo, hata hivyo, ni gulio. Mwaka 1641 Mfalme Mikhail Romanov aliidhinisha gulio la kila mwaka katika sikukuu ya Makary, tarehe 25 Julai kwa kalenda ya kale, na ushuru wake ukawa pato la monasteri. Ibada ilileta watu, na watu wakaleta bidhaa: chuma kutoka milima ya Ural, manyoya na chai ya Kichina kupitia Siberia, vitambaa vya Bukhara na Uajemi, samaki wa bahari ya Kaspi. Mashua zilizotoka kusini zilipanda mto kwa nguvu za burlaki, vibarua waliojifunga mikanda kifuani, wakatembea ukingoni wameinama, wakizivuta kwa kamba kinyume cha mkondo hatua kwa hatua. Utajiri wa gulio hilo hauwezi kuelezwa kwa haki bila kukumbuka jasho lao, ingawa kuta za mawe za monasteri zilizojengwa katika karne ya 17 hazina jina la hata mmoja wao.

Mwaka 1764 Malkia Catherine wa Pili alitwaa ardhi za monasteri nchini kote, na mnamo 1779 Makaryevo ikapewa hadhi ya mji. Agosti 1816, gulio la mwaka huo lilipokuwa limekwisha, moto uliteketeza maduka ya mbao, na mwaka uliofuata gulio likahamishiwa Nizhny Novgorod. Wengi huulaumu moto, lakini sababu ya kweli ilikuwa mahali penyewe: ukingo ulikuwa wa mchanga uliomegwa na mto mwaka hadi mwaka, ilhali Nizhny Novgorod imekaa pale mto Oka unapoingia Volga, hivyo mizigo ya njia mbili ilikutana bila kuzunguka. Huko mhandisi Mhispania Agustín de Betancourt alisimamia ujenzi wa majengo mapya, na wafanyabiashara waliendelea kuliita gulio hilo kwa jina la Makary.

Mji uliobaki nyuma ulififia haraka, kwa kuwa haukuwa na kazi nyingine ya kuulisha. Monasteri ilifungwa, ikafunguliwa tena katika miaka ya 1880 kwa ajili ya watawa wa kike, ikafungwa na utawala wa Kisovieti, kisha ikarejeshwa kwa Kanisa. Makaryevo yenyewe ilipoteza hadhi ya mji katika karne ya 20, na wageni huifikia kwa kuvuka Volga kutoka Lyskovo.